Unauza nyumba kupitia dalali Mbeya au Iringa? Anza na wakili

Wauzaji wengi wa nyumba Mbeya, Iringa na Njombe humkumbuka wakili siku ya kusaini. Dalali ameshamleta mnunuzi, bei imeshapatanwa, kilichobaki wanakiita "kwenda kwa mwanasheria agonge muhuri". Kwa hatua hiyo wakili hana kubwa la kukusaidia zaidi ya kuandika majina na kuhesabu kurasa. Nakala za hati yako zimeshazunguka kwenye simu za watu usiowajua, dalali ameshataja bei usiyoijua, na pengine ameshapokea malipo ya awali kwa jina lako.

Dalali hulipwa fedha zikiingia, na kazi yake inaishia hapo. Kuhamisha hati, kulipa kodi na kujibu mashauri kunabaki kwako kwa miezi, pengine miaka. Huyo si lazima awe mtu mbaya. Maslahi yake tu yanamalizika mapema kuliko yako, ndiyo maana wakili anatakiwa awepo kabla dalali hajapewa ufunguo wa kuonyeshea nyumba.

Wakili ni nani, na si nani

Madalali wengi wana "mwanasheria wetu". Uliza swali moja: ni wakili? Mtu mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, lakini hawi wakili mpaka amalize Shule ya Sheria kwa Vitendo, aapishwe, aingizwe kwenye orodha ya mawakili na awe na leseni ya kufanya kazi ya mwaka husika. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, andika jina lake au namba yake ya uwakili, uone kama yupo na kama anaruhusiwa kufanya kazi sasa hivi. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Asipoonekana, huyo ni kishoka. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za ardhi kwa malipo, na hati inatakiwa ionyeshe jina na anwani ya aliyeiandaa. Isipoonyesha, Msajili wa Hati ana sababu ya kuirudisha.

Baada ya hapo angalia uzoefu. Wakili hodari wa kesi za jinai anaweza kuwa hajawahi kupeleka faili la uhamisho ofisi ya ardhi. Muulize: nyumba yangu ni ya hati, ya ofa au haijapimwa, utaanzia wapi? Mwenye kuijua kazi atakuuliza maswali kabla ya kukujibu: jina lililo kwenye hati, kama umeoa au umeolewa, kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, kama kuna mkopo. Anayejibu "leteni mnunuzi tuandikishane" mshukuru, uondoke.

Na awe wako. Wakili mmoja kuandikia pande zote mbili ni jambo la kawaida huku kwetu kwa sababu linapunguza gharama, na kwa nyumba isiyo na utata linaweza kwenda salama. Ila mkigombana huyo hawezi kumtetea yeyote kati yenu. Wakili aliyeletwa na dalali ana tatizo la ziada: dalali ndiye anayemletea wateja kila wiki, wewe utapita mara moja tu. Mnunuzi akija na wakili wake, sawa, mkataba auandike yeye na wako ausome kabla hujashika kalamu.

Kuhusu malipo, ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 yenye viwango vya kazi hizi, na ndani yake kuna nafasi ya kupatana. Unachohitaji ni karatasi inayosema ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu zipi, kama ina VAT (kwa wakili aliyesajiliwa) na inahusisha nini. Tenganisha ada yake na ada za serikali. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo na risiti yake hutoka, kwa hiyo wakili akikwambia "nipe tu laki kadhaa za ofisi ya ardhi", omba namba ya malipo ulipe mwenyewe. Jambo linalosahaulika sana ni kuandika kama kazi inaishia kwenye kusaini mkataba au inaendelea mpaka jina la mnunuzi lisomeke kwenye hati. Ugomvi mwingi kati ya wakili na mteja unaanzia hapo.

Makaratasi ya kwenda nayo siku ya kwanza

Beba hati halisi au barua ya toleo (ofa), kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, risiti za pango la ardhi, cheti cha ndoa kama kipo, mkataba ulionunulia wewe, kibali cha ujenzi na risiti zozote za ujenzi ulizonazo, hata zile za saruji na mabati zilizofifia. Risiti hizo zina thamani ya fedha taslimu, kama utakavyoona kwenye kodi.

Kwa nyumba yenye hati, wakili ataanza na upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati yako kwa Msajili wa Hati. Ndiyo, hata wewe mwenye nyumba ufanyiwe upekuzi wa nyumba yako. Huko ndiko huibuka zuio lililowekwa na ndugu, rehani ya mkopo uliokwisha lipwa lakini benki haikuifuta, au jina lililokosewa herufi likapishana na la NIDA. Mambo haya yakigunduliwa kabla ya kutangaza nyumba hurekebishwa kwa utulivu. Yakigunduliwa na wakili wa mnunuzi, bei inashuka palepale au mnunuzi anaondoka.

Kama nyumba iko kwenye kiwanja kisichopimwa, na zipo nyingi za hivyo kwenye miteremko ya Mbeya na vilima vya Iringa, ushahidi wako ni mkataba wa zamani, majirani wa mipakani na ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza kama mtaa wako umepitiwa na urasimishaji wa makazi. Pengine kiwanja kina namba kwenye ramani na kilichobaki ni kulipia tu, na kuuza ukiwa na hati ni tofauti kabisa na kuuza kwa karatasi ya mkono. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi kwamba anakufahamu na anaijua nyumba. Hana mamlaka ya kuhamisha umiliki, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa sehemu nyingine kwa kisingizio cha muhuri haina sheria nyuma yake. Wakili akiwa pembeni yako hudaiwi hovyo.

Nje ya miji, tuseme kijiji cha Rungwe, Mufindi au Mbarali, mambo hugeuka kabisa. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na mauzo yanahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mahakama zimeshatengua mauzo ya namna hiyo kwa kukosa idhini, hata pale fedha zilipolipwa zote. Wakili akikuandikia mkataba bila kuuliza kama hapo ni mjini au kijijini, mkumbushe.

Mwenza ndiye anayevunja mauzo mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa iwe ya maandishi, isainiwe mbele ya wakili, na mhusika awepo mwenyewe, siyo "nimempigia simu amekubali". Ndoa za kimila zimo. Na waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi kama mke na mume, sheria inaweza kuwahesabu wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo usikimbilie kula kiapo kwamba huna ndoa. Mliotalikiana, leta hukumu inayoonyesha nyumba alipewa nani.

Nyumba ya marehemu nayo ina mlango wake. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi kuuzia nyumba. Ukoo unapendekeza msimamizi wa mirathi, anayemteua ni mahakama, na katika Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo hutoka kwenye Fomu Namba 4. Kwa nyumba yenye hati, msimamizi husajiliwa kwanza ndipo ahamishe kwa mnunuzi. Wakili mzuri atataka pia warithi wote wasaini kukubali, pamoja na yule aliyeko Dar es Salaam ambaye "hana shida". Huyo asiye na shida ndiye anayefungua kesi.

Sasa mwite dalali, kwa maandishi

Makubaliano na dalali yanatosha kurasa mbili, na wakili wako ndiye ayaandike. Kiini chake ni "cha juu". Tuseme umemwambia dalali unataka milioni 70 kwa nyumba yako ya Uyole. Yeye anamwambia mnunuzi milioni 85, wanashuka hadi 80. Kumi ni zake, na bado anakudai kamisheni kwenye ile 70. Wengi huona ni sawa, "mimi nimepata yangu". Tatizo linakuja kwenye mkataba. Ukiandikwa milioni 80, TRA itakuhesabia kodi kwenye fedha ambazo hukuzishika. Ukiandikwa 70, mnunuzi ana ushahidi wa benki kwamba alitoa 80, na siku mauzo yakivunjika atadai arudishiwe 80 na wewe. Kwa hiyo makubaliano yataje bei ya chini, yaseme bei yote atakayolipa mnunuzi ndiyo itakayoandikwa, na dalali alipwe kamisheni peke yake. Kama unataka kumpa motisha, mpe asilimia kubwa zaidi kwa kila kinachozidi bei ya chini, mkiiona wote.

Madalali wengi huanza kwa kutaja asilimia 10, na hupatana hadi chini ya hapo hasa kwa nyumba ya bei kubwa. Cha maana kuliko asilimia ni lini inalipwa. Ilipwe kwa uwiano wa fedha zilizoingia: mnunuzi akilipa nusu, dalali apate nusu. Ukimlipa yote kwenye malipo ya awali, hana tena sababu ya kumfuatilia mnunuzi. Andika pia kwamba kamisheni ni moja hata wakijitokeza madalali wanne waliopokezana mteja kutoka Mwanjelwa hadi Tunduma. Wagawane wenyewe. Dalali asipokee fedha yoyote ya nyumba kwa niaba yako, na hela ya kuonyesha nyumba ibaki kati yake na wateja wake. Weka na muda, kwa mfano siku 90, ili usijikute mwaka ujao unadaiwa kamisheni kwa mteja uliyempata kanisani.

Hati halisi haiendi kwa dalali kwa sababu yoyote. Hata nakala usiitoe tupu: chora mistari miwili kukatiza ukurasa, andika "kwa ukaguzi tu" na tarehe. Mnunuzi wa kweli atataka kufanya upekuzi, na namba ya hati pamoja na namba ya kiwanja vinamtosha.

Mkataba wa mauzo

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza nyumba uwe wa maandishi. Mengine ni ya kupatana, na hapa ndipo ada ya wakili inapoonekana imefanya kazi gani.

Malipo yapite benki, kwenye akaunti yako au akaunti ya wateja ya wakili, ambayo sheria inamtaka aitenge na fedha zake binafsi. Usikubali mfuko wa noti kwenye ofisi ya mtu, na usisaini kwa kuonyeshwa picha ya muamala kwenye simu. Subiri salio lisome. Wakili atamtaka mnunuzi aonyeshe kitambulisho na chanzo cha fedha. Asionekane msumbufu, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inamwajibisha kufanya hivyo. Kitambulisho kina kazi nyingine pia kwa ukanda wetu wenye mipaka ya Tunduma na Kasumulu: asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu maalumu. Akinunua kwa mgongo wa shemeji Mtanzania, matatizo yake yatakufuata.

Kama mnasaini kabla ya malipo yote, mkataba utaje tarehe ya kila awamu, siku ngapi za onyo mnunuzi akichelewa, na kiasi gani unachobaki nacho akishindwa. Hati halisi ikae kwa wakili wako kwa karatasi ya makabidhiano inayosema itatolewa kwa sharti gani. Ufunguo utoke baada ya awamu ya mwisho. Mnunuzi aliyekwisha hamia na anadaiwa ni mgumu sana kumtoa, na Baraza la Ardhi na Nyumba halitamtoa kwa wiki moja. Mnunuzi anayelipiwa na mkopo wa benki ana utaratibu wake: benki hutaka hati kabla ya kutoa fedha, nawe hutaki kutoa hati kabla ya fedha. Wakili anafungua fundo hilo kwa kudai barua ya benki inayoahidi kulipa uhamisho ukikamilika. Bila barua hiyo, hati isitoke.

Kisha vitu vidogo vinavyoleta kelele siku ya kuhama. Simtanki linabaki? Sola juu ya paa? Wapangaji waliolipa miezi sita mbele, kodi yao ni ya nani? Miparachichi iliyo uani huenda na kiwanja, kwa hiyo kama unataka kuvuna msimu huu, andika.

Kuna ombi utakaloletewa karibu kila mara: tuandike bei ndogo ili kodi ipungue. Kataa. Uhamisho unahitaji ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, hivyo bei ya kubuni haikufikishi mbali. Na mnunuzi akikwama njiani, unaweza kumdai kile tu kilichoandikwa.

Kodi: risiti za mabati zinapogeuka fedha

Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuuza. Asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kubwa kati ya hizo mbili. Nyumba yako binafsi ya kuishi, uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu, haitozwi kama faida haizidi milioni 15.

Sasa hesabu. Umeuza kwa milioni 80 na una karatasi za kiwanja na ujenzi zinazofika milioni 68. Faida ni milioni 12. Kama umeishi humo miaka hiyo mitatu, hudaiwi kitu. Kama ilikuwa ya kupangisha, unalipa milioni 1.2. Kama huna karatasi, ni milioni 2.4, na inapanda zaidi uthamini ukisoma juu ya bei yenu. Ndiyo sababu wakili alikuuliza risiti siku ya kwanza. Viwango hivi hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila Julai, kwa hiyo athibitishe TRA kabla ya kupatana bei na mnunuzi, wala si baada yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kwa mazoea hulipwa na mnunuzi. Mkataba utaje hivyo, na ulipiwe ushuru huo na kugongwa stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, la sivyo kuna adhabu na mahakama haitaupokea kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Mpaka jina libadilike

Mtasaini Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, za taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati ya uhamisho yenyewe, zikiwa na picha zenu na muhuri wa wakili. Faili huenda ofisi ya ardhi pamoja na uthamini, risiti za pango la ardhi na uthibitisho wa TRA, kisha kwa Msajili. Linapokwama, mara nyingi ni kwa sababu za kijinga: jina lina herufi tofauti na NIDA, pango la mwaka mmoja halijalipwa, picha ya mwenza haipo. Mwambie wakili akupe nakala ya kila kilichopokelewa, yenye tarehe ya kupokelewa. "Faili liko mezani kwa mkubwa" siyo taarifa.

Wakili akipotea na fedha au akikaa kimya, malalamiko hupelekwa Chama cha Mawakili Tanganyika au Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha na hata kumwondoa kwenye orodha. Peleka yale makubaliano ya ada, risiti na meseji zenu.

Uhamisho ukikamilika, chukua nakala ya ukurasa wenye jina jipya uitunze pamoja na risiti ya kodi. Hakikisha pango la ardhi linadaiwa kwa jina la mnunuzi, badilisha akaunti ya maji, na mita ya LUKU iandikishwe upya TANESCO, kwa kuwa kodi ya majengo hukatwa humo na deni lolote lililobaki husomeka kwa jina la aliyesajiliwa.